Mifuko Mitatu na Namba Niliyoifuta

Mwaka ule niliambiwa, nami nikaamini kwa moyo wote na kwa akili zangu zote za shule ya jioni, kwamba wanaoshindana kuogelea ziwani huandikwa namba mwilini kwa sababu ya viboko. Maelezo yalikuwa hivi: kiboko hamezi mtu, anamkata tu. Akishakata, vipande vinaelea huku na kule, na wasimamizi hawawezi kujua mkono huu ni wa nani na mguu ule ni wa nani. Ndiyo maana namba inarudiwa. Mkono wa kulia arobaini na saba, mkono wa kushoto arobaini na saba, nyuma ya mguu arobaini na saba. Wanakusanya, wanapanga, kisha wanawapigia jamaa zako simu waje na gunia. Aliyenieleza haya alikuwa mwuza maziwa mwenzangu pale Njoro, jamaa aliyewahi kufyeka nyasi katika hoteli moja ya Naivasha, na alinieleza tukiwa tunasubiri mitungi yetu ijazwe, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kukutia hofu. Nilimshukuru. Nilimsaidia hata kufunga mitungi yake kwenye keria ya baiskeli yake.

Nimeyakumbuka haya mwezi uliopita, mtaani Bondeni mjini Nakuru, siku ya hitima ya Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa mama yake Swaleh, na Swaleh ndiye aliyenifundisha kuogelea nikiwa na miaka ishirini na saba, umri ambao mwili umeshaamua mambo yake na hautaki kusumbuliwa. Sebule ile haijabadilika: kabati lile lile la vioo lenye vikombe ambavyo havijawahi kuona chai, saa ile ile ya ukutani iliyo mbele kwa dakika kumi, harufu ile ile ya iliki iliyokwisha kuingia hadi kwenye simiti. Watu walipoanza kuondoka nilichungulia chumba cha ndani nikamwona Mwanaidi, binti wa Swaleh, amepiga magoti sakafuni akipanga mifuko mitatu. Jumapili iliyofuata alikuwa anakwenda kushindana: kuogelea, baiskeli, mbio, zote siku moja, kama babake alivyofanya na kama nilivyofanya mimi kabla ya babake. Nyanya yake alikuwa amemwonya mapema kwamba asithubutu kuahirisha kitu ati kwa sababu mtu mzee amekufa. Nilisimama mlangoni na sahani yangu ya pilau. Mifuko ile ilinivuta miaka ishirini na kitu nyuma, nikawa pale mlangoni mzee mwenye tumbo na wakati huo huo kijana mwenye mapaja kama nguzo za stima. Sitii chumvi. Mapaja yangu yaliwahi kusimamisha lori.

Ya wazazi wangu na pale nilipozaliwa sitayagusa hapa. Mwaka ule hayakuhitajika. Nilikuwa nakaa mtaa wa Kaptembwo, chumba kimoja, mimi na baiskeli. Baiskeli ilikuwa na upande wake na mimi nilikuwa na wangu, na ukipima kwa haki upande wake ulikuwa mkubwa. Kila asubuhi nilipanda nayo hadi Njoro kuchukua maziwa, nikarudi kuyauza mtaani, mtungi mmoja kila upande wa keria, lita themanini kwa jumla. Nikisimulia huwa nasema mia moja na ishirini, na hakuna aliyewahi kunipinga. Ilikuwa baiskeli nyeusi ya chuma tupu, ya aina ile ambayo ukiigonganisha na mti, mti ndio unaoomba msamaha. Sasa asubuhi moja kwenye mlima wa kwenda Njoro, mitungi ikiwa mitupu, nakubali, nilimpita mwanamume aliyevaa nguo za kubana kama ngozi ya pili, juu ya baiskeli nyembamba kama fremu ya miwani. Nikamwambia, "Niaje, boss," nikaendelea. Alinifuata hadi Njoro akihema, akanikuta nakunywa uji. Kumbe alikuwa mkulima wa ngano, na ndiye aliyekuwa akiandaa mashindano makubwa ya mwaka ule: kuogelea karibu kilomita mbili Ziwa Naivasha, baiskeli kilomita tisini hadi Njoro, halafu kukimbia kilomita ishirini na moja katika barabara za mashamba.

"Unajua kuogelea?" akaniuliza.

"Sana," nikamjibu. Maji yaliyokuwa yamewahi kunifika juu kabisa yalikuwa ya magotini, na hayo yalikuwa mafuriko.

Washindani wake wote walikuwa watu wa klabu, wa Nairobi na wa ng'ambo. Akaniambia atanipa nafasi moja, ya majaribio. Nikimaliza kabla ya saa kumi alasiri, mwaka utakaofuata ataweka nafasi tano za watu wa hapa. Nisipomaliza, basi, kamati yake itakuwa imepata jibu ililokuwa ikilitaka tangu mwanzo. Nilikwenda moja kwa moja kumtafuta Swaleh. Watu wa Nakuru walidhani Swaleh anajua kuogelea kwa sababu babu yake alitoka Lamu, lakini Swaleh hakuwa ameiona bahari hata siku moja. Alijifunza katika bwawa la hoteli alikokuwa akisafisha maji, akitazama wageni wanavyokosea. Nilipomweleza, aliweka chini ule wavu wake mrefu wa kuokotea majani, akakaa.

"Mashindano hayo nimeyaomba mara tatu," akasema. "Mara tatu nimeambiwa fomu zimeisha. Sasa wewe, Josi, mtu anayeogopa hata beseni, ndio wamekupa."

"Nifundishe. Nikimaliza, zile tano za mwakani, ya kwanza ni yako."

"Na usipomaliza?"

"Nitamaliza."

"Mimi nimekuuliza usipomaliza." Alinitazama vizuri. "Usipomaliza huo mlango umefungwa. Mimi sina boss wa kupita mlimani."

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na yalibaki hivyo mwaka mzima: miguu ilikuwa yangu, lakini kilichokuwa kimewekwa mezani kilikuwa cha Swaleh. Alinifundisha saa nane mchana, wageni wakiwa wanakula. Wiki ya kwanza nilikunywa nusu ya bwawa. Wiki ya pili nilikunywa iliyobaki. Swaleh alikuwa akitembea kando ya maji na ule wavu, na kila nilipoanza kuzama ananichota kama jani. "Usipigane nayo, Josi! Maji hayajakutukana!" Mwezi wa tatu nilielea. Mwezi wa tano nilivuka bwawa. Mwezi wa saba tulihamia bwawa la shamba moja huko Njoro, maji ya rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wamesimama ukingoni wakitutazama kama kamati, na huko ndiko nilikoweza hatimaye kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka ng'ombe wakachoka wakaenda zao.

Baada ya maji tulikuwa tunakula kwa Bi Rukia. Nimekula katika hoteli kubwa tangu siku hizo, nimekula kwenye harusi za watu wazito, lakini sijaona mahali ambapo hamri linatoka kwenye mafuta likiwa limevimba hivyo, jepesi kiasi kwamba ilibidi ulishike lisipae. Mbaazi za nazi, chai ya tangawizi iliyokata koo kama msumeno. "Kula, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Maji yanakula mtu kwa ndani." Siku moja Swaleh alimfuata jikoni kuchukua sukari, nami nikabaki mezani, na pazia si ukuta.

"Huyu mwenzio atazama," nilimsikia Bi Rukia akisema.

"Hazami, mama. Siku hizi anaelea."

"Anaelea kwa maneno yake."

Swaleh alicheka. Kisha nikasikia kijiko kikizungushwa kwenye sufuria muda mrefu.

"Na akishindwa, wewe je?"

"Mimi nitasafisha lile bwawa mpaka nizeeke, mama. Si kazi mbaya."

Hamri lililokuwa mdomoni nililimeza bila kulitafuna. Mimi ni mtu wa mzaha, na hata leo nikitaka kusimulia habari hii huanza na bwawa nililolinywa. Lakini ukiniuliza ni lini hasa nilianza mazoezi, nitakwambia ni pale, kiti cha pili kutoka dirishani, na sukari ilipoletwa nilisema ahsante bila kuongeza neno, jambo ambalo liliwatia wote wawili wasiwasi.

Maandalizi yenyewe, ya vitu na mpangilio, yalifanyika darasani. Shule yetu ya jioni ilikuwa ikitumia madarasa ya watoto wa chekechea, kwa hiyo watu wazima kumi na wanane, askari wa mageti, mama wa mitumba, mafundi wa magari, walikuwa wakikaa magoti yakigusa masikio chini ya picha za bata na tufaha. Mwalimu Chelagat alitufundisha hesabu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvunja chaki, na habari ya mashindano ilipomfikia alisoma usiku mmoja karatasi zote za maelekezo, ambazo mimi nilikuwa nimezitumia kuzibia chupa za maziwa lala. Akanisimamisha mbele ya darasa.

"Josphat, kuna vituo viwili vya kubadilishia. Cha kwanza ziwani, unatoka majini unapanda baiskeli. Cha pili Njoro, unashuka baiskeli unaanza kukimbia. Umepanga nini?"

"Mwalimu, nitafika tu nitajua."

"Utafika tu utapotea. Mbio hizi watu hawazipotezi majini wala barabarani. Wanazipoteza wakitafuta soksi."

Akanunua mifuko mitatu. Wa buluu wa ziwani, mwekundu wa Njoro, mweupe wa mwisho, wenye suruali kavu. Kanuni yake ilikuwa moja: kinachovaliwa kwanza kinakaa juu. Na kila kitu nikijue kwa idadi na rangi, macho yakiwa yamefumbwa, kwa sababu, alisema, mtu akitoka kwenye maji baridi baada ya saa nzima anaweza kusahau hata jina lake. Basi kila Alhamisi, sehemu na desimali zikiisha, madawati yalisukumwa ukutani. Nilikuwa nikilala kifudifudi juu ya dawati nikipiga mikono, Mwalimu akipiga kofi niliruka chini, na darasa zima likiimba: "Taulo moja! Soksi mbili, kijani na nyeusi! Viatu viwili! Shati moja! Helmeti moja! Viazi vitatu! Mahamri matatu! Pampu moja!" Soksi hazikufanana kwa sababu kila moja ilikuwa mjane wa jozi yake. Helmeti ilikuwa ya jirani yangu wa boda boda, ya kufunika uso mzima, kilo nane, labda tisa. Askari mmoja alishika saa. Mara ya kwanza nilichukua dakika tisa na nikatoka nje ya mlango helmeti ikitazama nyuma. Wiki ya mwisho nilichukua dakika mbili na nusu, na mama wa mitumba wakapiga vigelegele vilivyomwamsha mlinzi wa shule iliyo ng'ambo ya barabara.

Jumamosi, siku moja kabla, pikapu ya kabeji ilitushusha Naivasha, mimi na Swaleh na baiskeli. Ilikuwa siku ya kukabidhi vitu. Mfuko mwekundu ulipakiwa kwenye lori la kwenda Njoro, na nilipouona ukiondoka nilihisi kama nimempeleka mtoto bweni. Baiskeli ilikaguliwa: mzee mmoja mwenye filimbi alibana breki, ikapiga kelele iliyorusha flamingo, akasema imepita. Tukaiweka kwenye mstari wake, ikabandikwa karatasi ya arobaini na saba kwenye fremu, na mfuko wa buluu ukaning'inizwa kwenye usukani. Baiskeli nyingine mia moja zilikuwa nyembamba, zinang'aa, zimesimama kwa adabu. Yangu ilikuwa kama ng'ombe aliyeingia kwenye kundi la swala. Swaleh aliruhusiwa kunisaidia siku ile tu. Jumapili hangepita ua. Alikuwa ameshika mfuko wangu akiupanga upya, na kutafuna kitu, nilipomwuliza lililokuwa moyoni.

"Swaleh. Hii habari ya namba na viboko, ni kweli?"

"Habari gani?"

Nikamweleza yote, hadi gunia. Alinitazama. Leo najua kilichopita usoni mwake. Wakati ule nilidhani ni huruma.

"Kweli kabisa," akasema. "Ndiyo maana wanatumia wino usiotoka na maji. Na wewe na hayo mapaja, watakuandika hata mapajani. Hiyo nyama si ya kupotea."

Asubuhi ya Jumapili dada mmoja mchangamfu aliniandika arobaini na saba, mkono, mkono, mguu, kwa kalamu nene nyeusi, huku akiniuliza kama nimelala vizuri. Nilimwona kama mtu anayepima mwingine jeneza huku akimsifia viatu. Nikaenda nyuma ya vyoo nikasimama. Ninataka nieleweke: sikuwa na hofu. Nilikuwa na hasira. Mwaka mzima watu wamenifundisha kuelea, kuvaa, kuhesabu, halafu hawa wamenipangia kurudi vipande vipande. Nilikuwa na kopo la mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale mazito ya njano, niliyobeba nijipake makwapani nisichubuke. Nilijipaka juu ya namba, nikasugua kwa nyasi kavu, nikapaka, nikasugua, mpaka mikono ikawa myekundu na haina hata nukta moja. Nilijiambia kwamba nitatoka katika ziwa hili nikiwa mzima, sehemu zote zikiwa pamoja, na asiyetaka hivyo shauri yake.

Yale maji sitayaeleza sana. Yalikuwa baridi, yalikuwa mengi, na mashua za usalama zilikuwa kila mahali. Katikati niliona mgongo wa kijivu upande wa kushoto. Nimeshasimulia kwamba kiboko huyo alinitazama, kwamba alipiga miayo, na mwaka mmoja nilisema tulipishana bega kwa bega. Ulikuwa mtumbwi uliopinduliwa. Lakini uliniongezea mwendo ambao Swaleh na wavu wake hawakuwahi kunitia, nikagusa tope la ufukweni baada ya dakika hamsini na mbili, wa nne kutoka mwisho. Karani wa ufukweni akauliza namba, nikamtajia kwa mdomo huku nakimbia. Nikafika kwenye baiskeli. Taulo moja. Soksi mbili, kijani na nyeusi. Mikono ilikuwa inajua yenyewe. Helmeti ikatazama mbele. Nikarudisha mfuko kwenye usukani, nikasukuma baiskeli hadi getini, na pale getini palikuwa na dada mrefu, kizibao cha manjano, uso usio na haraka.

"Namba."

"Arobaini na saba."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha mkono. Akautazama. Akageuza mwingine. Akazunguka akatazama mguu, unaong'aa mafuta.

"Namba iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Umeifuta kwa nini?"

"Sijafa," nikasema.

Alifuta kidole chenye mafuta kwenye kizibao chake. Nyuma yangu mwanamume alipita na mkono wake ulioandikwa, akaruhusiwa, akaenda. Mwanamke akapita. Wa mwisho kabisa, mzee wa miaka sabini hivi, akapita akinitakia siku njema.

"Boss, simama kando."

"Dada, kila mtu ananijua! Mimi ndio arobaini na saba!"

"Kila mtu anaweza kusema yeye ni arobaini na saba. Mdomo hauna wino."

Nikaona ng'ambo ya ua Swaleh amejishika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani ni furaha ya kuniona nimetoka mzima. Kisha akaanza kupaza sauti, "Josi! Muonyeshe namba! Namba, Josi!" na filimbi ikapigwa kumwonya kwamba akisaidia mshindani nitaondolewa, akanyamaza, mdomo wazi. Dakika tano zilipita. Sita. Dada akaita mkubwa wake kwa redio, redio ikakoroma. Hatimaye akaondoa mfuko wa buluu kwenye usukani, akaukumbatia.

"Sawa. Niambie mfuko huu ulikuwa na nini."

Nikaelewa mara moja: wanapima kama maji yameingia kwenye ubongo. Mwalimu Chelagat alikuwa ameniambia. Nikafumba macho, nikasimama wima kama darasani, nikaimba, "Taulo moja! Soksi mbili, kijani na nyeusi!" Akainama akatazama miguu yangu. "Viatu viwili! Shati moja! Helmeti moja! Viazi vitatu! Mahamri matatu! Pampu moja!" Nikasikia mkono wake ukipekua. Viazi vitatu, akasema. Pampu. Halafu akapekua tena.

"Mahamri ni mawili."

"Ni matatu."

"Ni mawili, boss. Hesabu."

Nikafumbua macho. Yalikuwa mawili. Nimewahi kufiwa, nimewahi kufukuzwa kazi, lakini sijui kama nimewahi kutazama kitu kwa uchungu kama nilivyotazama mahali pa lile la tatu. Na hapo sauti ikatoka kwenye ua, sauti ya mtu asiyejali tena filimbi.

"Moja nimekula mimi! Jana! Nilikuwa na njaa!"

Dada akamgeukia Swaleh, akanigeukia mimi, akaitazama ile baiskeli ya chuma kwa mara ya kwanza kutoka usukani hadi keria. Nadhani alijiuliza ni nani mwenye akili zake angetaka kuiba kitu kile. Mdomo wake ukatikisika upande mmoja.

"Nenda," akasema. Nilikuwa nimesimama getini dakika kumi na moja.

Sasa hapo ndipo mimi nilipokuwa nyumbani. Kupanda, kushuka, Gilgil, Mbaruk, upepo usoni, helmeti ikivuma kama mtungi mtupu. Nilipita watu kumi na wanne. Leo husema arobaini. Mzee wa miaka sabini nilimpita kwa salamu. Barabara ya Njoro inapokaribia Kaptembwo wateja wangu walikuwa wamejaa kando, mama mmoja ameshika sufuria, akapaza sauti, "Wee Maziwa! Maziwa ya leo iko wapi?" Nikamjibu, "Kesho, mathe!" Watu wakacheka kilomita nzima. Njoro, Mwalimu Chelagat alisimama nyuma ya ua, mikono mgongoni asije akajaribiwa kunisaidia, akatazama saa yake nilipofungua mfuko mwekundu. Dakika mbili. Alitikisa kichwa mara moja kukubali, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea.

Mbio zilikuwa ndefu, na miguu yangu ilikuwa ya baiskeli, si yangu. Nilikimbia kati ya ngano nikihesabu zile dakika kumi na moja kwa kila hatua. Niliingia uwanja wa kumalizia saa tisa na dakika hamsini na nane. Mkulima wangu wa ngano alitazama saa, akatazama kamati yake iliyokaa chini ya hema, akainua mkono wake na kunyoosha vidole vyote. "Tano," akasema. Swaleh, aliyekuja kwa pikipiki ya watu, alikaa chini pale pale kwenye majani. Aliponyanyuka alinishika bega. "Josi, kuhusu ile namba," akaanza, lakini Bi Rukia, aliyekuja Njoro kutushangilia, alikuwa ameshafungua sufuria lake la pilau na kutuamuru tukae, na mbele ya Bi Rukia hakuna aliyezungumza kabla ya kula. Baada ya hapo sikumsikia tena akiigusa habari ile. Mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kati ya wale watano, na alitoka majini mbele ya klabu nzima.

Haya yote yalinipitia akilini pale mlangoni, pilau ikipoa mkononi. Mwanaidi alikuwa amefikia mfuko wa tatu. Siku hizi namba haziandikwi kwa kalamu, zinabandikwa. Alikuwa na karatasi ndogo za mia mbili na kumi na mbili, akizipanga juu ya mfuko wa kwanza, kinachohitajika kwanza kikiwa juu. Nikaingia, nikainama kama mtu anayetoa siri.

"Mwanaidi, hizo namba, ukifika huko zitoe. Paka mafuta ya kukamulia, sugua na nyasi. Usikubali."

Aliinua uso. Ananiita ami, kama vile nimezaliwa tumbo moja na babake. "Kwa nini, ami?"

Nikamweleza. Viboko, vipande, gunia, kila kitu, kwa upole, nisimtie hofu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatazama nyuma yangu, ambapo Swaleh alikuwa amesimama na sahani yake, akichunguza pilau kama mtu aliyepoteza pete humo.

"Baba, ni wewe ulimwambia hivi?"

"Nilijaribu kumwambia ukweli pale pale Njoro," Swaleh akasema. "Halafu mwaka ukapita. Halafu akaanza kuisimulia vizuri. Mwambie wewe, mimi nimeshindwa."

Mwanaidi akachukua karatasi moja akanionyesha, na nyingine akaigusisha kwenye fremu ya baiskeli yake iliyoegemea ukuta.

"Ni ya baiskeli, ami. Ukitoka getini wanalinganisha namba ya mkono na ya baiskeli, ili usiondoke na ya mtu mwingine."